SOMO LA BIBLIA: Je, Utatu Mtakatifu Umo Katika Biblia?

Someni: Kumbukumbu la Torati 6:4, Mathayo 28:18-20, Yohana 14:28, 2 Wakorintho 13:14



Swali hili huulizwa kisimani, zahanati na hata katika vikao vya kamati: "Nionyeshe neno Utatu katika Biblia." Tuseme kweli: neno hilo halimo. Tertuliano wa Karthago alilitumia kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 3. Je, tumeongeza juu ya Maandiko?

1. Pande zote zilishika Biblia

Mabishano yalipozuka Aleksandria katika karne ya 4, kasisi Ario na wenzake walitumia Maandiko. Walisoma Mithali 8:22, na Yohana 14:28 ambapo Yesu anasema Baba ni mkuu kuliko yeye. Wakahitimisha kwamba Mwana aliumbwa. Wapinzani wao walisoma Yohana 1:1, na 20:28 ambapo Tomaso anamkiri Yesu kuwa Bwana na Mungu.

Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitamka kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Baadhi ya maaskofu walisita, kwa kuwa neno hilo la Kigiriki halimo katika Biblia. Baadaye Athanasio alitetea kwamba, hata kama neno si la Maandiko, maana yake ni ya Maandiko. Mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381, ulifafanua zaidi imani juu ya Roho Mtakatifu.

2. Tahadhari juu ya mstari mmoja

Wengi hukimbilia 1 Yohana 5:7, penye maneno juu ya mashahidi watatu wa mbinguni. Erasmus alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 na 1519, hakuyaweka, kwa maana hakuyaona katika hati zake za Kigiriki. Aliyaingiza mwaka 1522, baada ya kuonyeshwa hati moja iliyokuwa nayo. Leo wataalamu karibu wote, pamoja na wanaoukiri Utatu, wanakubali kwamba maneno hayo yaliongezwa baadaye.

Anayejenga hapo amejenga juu ya mchanga. Kijana akifundishwa mstari huo peke yake, siku atakapoonyeshwa historia yake atadhani imani yote imeanguka.

3. Tusimame wapi?

Biblia inafundisha kwamba Mungu ni mmoja. Katika Mathayo 28:19 ubatizo ni kwa jina moja, la Baba, Mwana na Roho. Paulo anawataja watatu pamoja katika baraka yake kwa Wakorintho. Hakuna mstari mmoja unaosema yote. Fundisho la Utatu ni jibu la Kanisa kwa mistari hii ikisomwa pamoja. Wanaolikataa husema jibu hilo limetoka katika falsafa ya Wayunani. Hoja yao isikilizwe, kisha ijibiwe kwa upole na heshima, kama 1 Petro 3:15 inavyotuagiza.

Jirani anayetofautiana nasi hapa bado ni jirani. Maji ya kisima cha parokia ni yake pia.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Ario na Athanasio walisoma Biblia ile ile wakafika mahali tofauti?
2. Je, ni halali kutetea kweli kwa ushahidi dhaifu?
3. Vijana wetu wanafundishwa nini kabla ya Kipaimara?

Mungu awabariki katika kujifunza kwenu.