Kabla hujahamia mabandani

Mdogo wangu wa Nakuru, barua yako nimeisoma. Tangu mafungo ya Kwaresima unataka kuacha kazi ya benki, ugawe vitu vyako, ukaishi mabandani na maskini. Sikucheki. Padri Alex Zanotelli, mmisionari wa Komboni kutoka Italia, aliishi Korogocho, Nairobi, kwa takriban miaka 12, karibu na jalala la Dandora, na majirani zake wakiwa ni wale wale wanaochambua plastiki na vyuma vikuukuu kwenye moshi.

Lakini wewe unasema una mdogo wako unayemlipia karo. Yeye je? Soma Marko sura ya 7 uone Yesu alivyowakemea waliowanyima wazazi wao kwa kisingizio kwamba mali ni ya Mungu. Kujinyima kwako kusilipiwe na mtoto wa shule.

Na huyo dada anayekufulia nguo kila Jumamosi, unampa ngapi? Unamlipa siku hiyo hiyo, au ni "njoo wiki ijayo"? Mimi ningeanzia hapo, maana maskini wa kwanza uliyepewa na Mungu anaingia kwa mlango wako mwenyewe. (Mama mboga naye, acha kumvuta bei.)

Kisha itazame jumuiya yenu ndogo ndogo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizipa jumuiya hizi kipaumbele miaka ya 1970 ili watu waiishi imani mtaani, jirani kwa jirani. Siku hizi nyingi zinakutana kwa zamu nyumbani kwa wenye makochi tu. Nani kwenu hajawahi kupewa zamu kwa sababu chumba chake ni kidogo? Ombeni kwenda kwake. Mkae kwenye ndoo zilizopinduliwa, mnywe chai ya rangi, na mtu asimbebee unga na sukari kana kwamba ni matanga. Simu zibaki mfukoni. Umaskini wake si picha ya kutundika kwenye status yako.

Ukiona baada ya mwaka moyo bado unakuvuta, nenda. Panga chumba kwa bei wanayolipa wenzako, piga foleni ya maji na jerikeni lako, kazi ya benki usiiache kwanza. Na mama umwambie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa wenzake wa kwaya.