TAA ZA PROJEKTA KATIKA GARI KUUKUU

Wahenga walinena kuwa mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Methali hii inawafaa sana baadhi ya madereva wetu wanaotia balbu kali katika taa za magari ya zamani. Nuru inarushwa huku na huko, juu na chini, wala mwenyewe hajui ni nani anayetiwa kiwi.

Ndugu msomaji, katika makala haya nataka tujifunze pamoja jinsi taa za gari kuukuu zinavyoweza kubadilishwa zikawa za projekta, na kwa nini kazi hiyo si ya kuongeza mwanga tu. Niliyoyaandika niliyapata kwa kumsaidia mjomba wangu, kisha nikayalinganisha na yale tunayosoma katika Fizikia.

Mjomba ana pikapu aina ya Land Rover Series III. Magari hayo yaliundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, kwa hivyo ni wazee wetu. Hubeba kabeji na viazi kutoka Kinangop kwenda Nairobi. Huondoka saa tisa za usiku, akapitia Njabini, akatokea Fly-Over na kushuka Kimende hadi Limuru. Anayeijua njia hiyo anaujua ukungu wake. Tena kandokando huwa kuna watu waendao kwa miguu, na mikokoteni ya punda isiyo na taa hata moja.

Hebu tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akitiwa kiwi kwa sekunde tatu tu, amekwenda mita 66 akiwa kipofu. Ndani ya mita hizo mnaweza kuwa na mama aendaye sokoni au mtoto wa mtu aliyewahi shule. Kwa hiyo jambo hili si la mapambo.

TAA YA KALE INAVYOFANYA KAZI

Taa ya Land Rover hiyo ni ya mviringo, upana wake inchi 7. Ndani mna bakuli linalong'aa lenye umbo la parabola. Chanzo cha nuru kikiwekwa penye fokasi ya bakuli, miale hutoka ikiwa sambamba. Kioo cha mbele kina mistari mistari, nayo kazi yake ni kuitandaza miale hiyo barabarani.

Wengi walikwisha kutia balbu ya halojeni iitwayo H4, ambayo ilianza kutumika mwaka 1971. Balbu hii ina nyuzi mbili: uzi wa fulu wa wati 60 na uzi wa dimu wa wati 55. Chini ya uzi wa dimu mna kikombe kidogo cha chuma. Usikidharau! Kikombe hicho huzuia nuru isigonge nusu ya chini ya bakuli, kwa maana ingegonga hapo ingerudi juu, moja kwa moja machoni mwa anayekuja.

Sasa fundi mmoja alimwambia mjomba, "Mzee, kwani unahangaika na nini? Tia balbu ya zenoni humo humo, utaona kama mchana!" Mjomba aliuliza swali moja tu: "Na yule anayekuja mbele yangu, yeye ataona nini?" Fundi akacheka, asijibu.

Swali hilo ndilo kiini cha somo letu. Balbu ya zenoni haina uzi. Nuru yake ni cheche ya umeme inayowaka ndani ya gesi, na umbo la cheche si sawa na la uzi. Bakuli lililopimwa kwa ajili ya uzi haliwezi kuipanga nuru ya cheche. Matokeo yake ni miti kumulikwa hadi vileleni huku barabara ikibaki na mabaka. Katika ukungu ni vibaya zaidi, maana nuru inayopanda juu hugonga matone ya maji na kumrudia dereva mwenyewe kama ukuta mweupe.

PROJEKTA NI NINI?

Chukua misumari miwili, ipigilie ubaoni, uzungushie uzi uliolegea, kisha uchore kwa penseli huku uzi ukiwa umekazwa. Utapata umbo la duaradufu. Misumari hiyo miwili ndiyo fokasi zake. Nuru ikitoka katika fokasi ya kwanza na kugonga ukuta wa duaradufu, hurudi ikakutana katika fokasi ya pili. Bakuli la projekta limefuata umbo hilo. Balbu hukaa penye fokasi ya kwanza.

Karibu na fokasi ya pili husimama kizuizi chembamba cha chuma. Kinatoka upande wa chini na kuukata mwanga. Mbele yake kuna lenzi nene iliyobinuka. Lenzi hiyo huigeuza picha juu chini, kwa hivyo giza la kizuizi huonekana juu, na nuru hulala chini barabarani. Ukiielekeza taa ukutani utauona mpaka wenyewe, kana kwamba umepigwa rula.

Kwa kawaida balbu ya halojeni hutoa takriban lumeni 1,000 ikiwa dimu. Balbu ya zenoni iitwayo D2S hutoa takriban lumeni 3,200 kwa wati 35 tu. Nguvu nyingi hivyo yafaa ipewe mipaka, na mipaka hiyo ndiyo projekta. Nyingine zina sumaku ndogo inayokivuta kizuizi chini dereva anapowasha fulu, hivyo taa moja ikafanya kazi mbili.

KAZI YENYEWE

Kwanza tulipima nyaya. Injini ikiwa inanguruma, betri ilionyesha volti 13.6, lakini kwenye balbu zilifika volti 12 tu. Nyingine zilipotelea katika nyaya nyembamba na swichi ya zamani. Msomaji asidhani ni kidogo: balbu ya halojeni ikikosa sehemu moja kwa kumi ya volti zake, hupoteza karibu thuluthi ya mwanga. Tukatia rilei, fyuzi na nyaya nene kutoka betri. Sasa swichi inatoa amri tu, na mzigo wa umeme unapita njia nyingine. Kwa kweli mwenye pesa chache anaweza kukomea hapa, abaki na halojeni yake, na bado akaona tofauti kubwa.

Pili, mjomba alikwenda Kirinyaga Road, Nairobi, akanunua projekta mbili zilizotolewa katika gari la Kijapani. Huko Japani magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Mpaka wa nuru wa projekta hizo hupanda kidogo upande wa kushoto, ili umulike watu walio kando ya barabara. Projekta ya nchi ambako huendeshwa upande wa kulia hupanda kulia, yaani kwetu itapanda machoni mwa anayekuja. Uliza kabla ya kulipa!

Tatu, tulizifunga ndani ya taa za inchi 7 zenye kioo laini kisicho na mistari, kwa sababu mistari ya kioo cha kale ingeuharibu ule mpaka. Projekta ikaa wima sawasawa, isiinamie upande. Kisha tukaziba kwa gundi ya silikoni isiingie maji.

Tahadhari: zenoni huwashwa na kifaa kiitwacho balasti, nacho hutoa zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuwasha. Usiguse nyaya zake taa ikiwaka. Mwachie fundi wa umeme anayeijua kazi yake.

KULENGA

Hapa ndipo wengi huharakisha. Gari likae mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha na dereva akiwa kitini. Pima kimo cha katikati ya taa, tuseme ni sentimita 90. Chora mstari ukutani katika sentimita 80, kisha ushushe mpaka wa nuru hadi uguse mstari huo. Nuru ikishuka sentimita 10 kila mita 10, itagusa ardhi mita 90 mbele.

Lakini pikapu ikipakiwa viazi, nyuma hulala na pua huinuka. Pua ikiinuka kwa digrii moja tu, katika umbali wa mita 50 nuru hupanda kwa sentimita 87. Yaani itatoka magotini mwa mtu na kufika machoni mwa dereva wa gari dogo. Ndiyo maana mjomba alisisitiza tulenge gari likiwa na shehena. Majirani walitushangaa tukipakia magunia jioni kwa ajili ya kutazama ukuta!

Naam, wenzangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na taa nayo ni hivyo hivyo. Atakayenunua mwanga mkali bila ya kuupa mpaka amejinunulia upofu na kuwagawia wengine. Ukitaka kujua kama taa za gari lenu ni njema, usiketi nyuma ya usukani. Nenda usimame mbele yake, mita 50, pale asimamapo mwenye kwenda kwa miguu.

ZOEZI

1. Taa za gari ziko sentimita 70 kutoka ardhini. Zikilengwa zishuke sentimita 10 kila mita 10, nuru itagusa barabara umbali gani?
2. Eleza kwa nini kizuizi cha projekta husimama chini ilhali giza huonekana juu.
3. Tunga sentensi kwa kutumia maneno haya: kiwi, sambamba, duaradufu, shehena.