SOMO LA LEO: USIPONDE KIFUKO KABLA YA KUKITAMBUA

Mvua za kwanza zikishanyesha hapa Singida, taa ya jioni haikosi wageni. Wadudu wenye mabawa ya kijivu au ya kahawia huizunguka, hugonga kioo, huangukia mezani penye chakula. Wengi wetu tunawaita vipepeo. Hao si vipepeo. Ni nondo.

Leo tutajifunza kuwatambua nondo, watoto wao, na vifuko tunavyoviokota bustanini. Somo hili linahusu ugali wetu. Tusome taratibu.

NONDO NI NANI?

Nondo na kipepeo ni ndugu, lakini wanatofautiana. Kipepeo huruka mchana. Nondo wengi huruka usiku. Kipepeo akitua, mara nyingi husimamisha mabawa juu ya mgongo. Nondo wengi huyalaza kama paa la nyumba. Tazama pia vipapasio vya kichwani. Vya kipepeo vina kifundo mwishoni, kama kijiti cha kiberiti. Vya nondo ni kama uzi au kama unyoya.

Nondo hupita hatua nne katika maisha yake:

Kwanza ni yai.
Pili ni kiwavi. Kazi ya kiwavi ni kula tu. Akiishi ndani ya bua tunamwita funza.
Tatu ni bundo. Bundo halili wala halitembei. Ukiligusa hutikisa mkia tu.
Nne ni nondo mwenye mabawa. Naye hutaga mayai, na safari inaanza tena.

Viwavi wengine hujisokotea kifuko cha nyuzi, halafu hugeuka bundo humo ndani. Hata nguo za hariri hutokana na vifuko kama hivyo. Wachina walianza kufuga nondo wa hariri maelfu ya miaka iliyopita.

VITU VINNE UNAVYOWEZA KUVIOKOTA

1. Bundo la kahawia, linalong'aa, ndani ya udongo chini ya mahindi. Urefu wake ni kama sentimeta moja na nusu. Huenda ni la kiwavijeshi vamizi. Mdudu huyu asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Kiwavi wake ni rahisi kumtambua kwa mtu aliyesoma. Ile herufi Y tuliyojifunza darasani ameiandika usoni, ila ameipindua juu chini. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Huyu ni adui. Kagua majani na moyo wa mhindi asubuhi na jioni. Mayai yake hukaa kwa mafungu juu ya jani, yamefunikwa na manyoya laini. Yaponde. Kiwavi naye mponde.

2. Bundo kubwa kwenye tuta la viazi vitamu, lenye kitu kama mkono wa jagi. Hili ni la nondo mkubwa. Kiwavi wake ni mnene na ana pembe mkiani. Watu humwogopa, lakini pembe ile haichomi. Anakula majani ya viazi. Mwokote kwa mkono.

3. Mfuko wa vijiti au miiba unaoning'inia kwenye mgunga. Huu si uchawi wala si dawa ya mtu. Ndani yumo kiwavi aliyejijengea nyumba kwa nyuzi zake na vijiti. Akienda kula hutembea nayo. Nondo jike wa aina hii, mara nyingi, hana mabawa, hukaa humo humo. Mahindi yako hayamhusu. Mwache.

4. Vifuko vidogo vyeupe, vimeshikana kama punje za mchele. Hapa ndugu tusimame kidogo, maana hapa sisi wenyewe tulikosea.

KOSA LETU

Msimu mmoja darasa letu la kisomo lililima mtama. Miche mingine ikaanza kukauka moyo. Tukapasua bua moja. Ndani tukakuta njia iliyotobolewa, funza amelala hana nguvu, na pembeni yake fungu la vitu vyeupe. Tukawaambia wanakisomo, "Hayo ni mayai yake. Pondeni yote!" Wakaponda.

Mama mmoja mtu mzima hakuponda. Alisema, "Mwalimu, mimi sijaona mdudu anayetaga mayai makubwa vile. Hebu tungoje." Akatia fungu moja katika kopo, akafunga mdomo wake kwa kitambaa.

Baada ya siku chache alirudi na kopo lake. Kumbe ndani mna vijidudu vyeusi vyenye mabawa, vidogo kuliko sisimizi! Hawakuwa funza. Walikuwa nyigu wadogo.

Nyigu hawa hawamchomi mtu. Jike huingia katika tundu la funza na kumdunga mayai mwilini. Watoto wa nyigu humla funza kutoka ndani, kisha hutoka na kusokota vifuko vyeupe. Funza hufa. Mwaka 1993 nyigu wa aina hii, waliotoka Pakistan, waliachiwa mashambani huko pwani ya Kenya ili wapigane na funza wa mabua. Wengine ni wenyeji wa Afrika tangu zamani.

Basi siku ile tuliwaua askari wetu kwa mikono yetu, na amri tulitoa sisi waalimu. Tulimshukuru mama yule mbele ya darasa. Elimu haina mwisho, hata kwa anayefundisha.

TUFANYE NINI?

- Ukipasua bua ukakuta funza mzima, mwue. Ukikuta vifuko vyeupe, viache shambani.
- Usiposadiki, fanya kama mama yule. Tia katika kopo, funika kwa kitambaa chepesi, ngoja. Akitoka nondo, mwue. Wakitoka nyigu, waachie shambani.
- Usikimbilie dawa. Dawa nyingi hazichagui, zinaua funza na nyigu pamoja. Kwanza mwulize bwana shamba.
- Wakati wa kiangazi funza hujificha katika mabua makavu akingoja mvua. Mabua lisha ng'ombe. Ya kujengea uzio yalaze juani wiki nne kwanza.

MASWALI

1. Taja hatua nne za maisha ya nondo.
2. Kiwavijeshi vamizi ana herufi gani usoni?
3. Kwa nini tusiponde vifuko vyeupe?
4. Mwulize mzee nyumbani: nondo anaitwaje kwa Kinyaturu, Kinyiramba au lugha yenu? Andika jina hilo katika daftari lako.

MANENO MAPYA

Bundo: mdudu katika hatua ya kugeuka, kabla ya kuota mabawa.
Kifuko: nyumba ya nyuzi anayojisokotea mdudu.
Vipapasio: vitu viwili kichwani mwa mdudu, vya kupapasia na kunusia.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi ingia bustanini ukiwa na kopo moja tupu. Ukiona kitu usichokijua, kitazame kwanza. Mkono wa kuponda usitangulie macho.