Kuishi na Vitu Vichache: Je, Mtindo Huu Unafaa Kila Boma?

Bila shaka umeziona zile video. Nyumba nyeupe, kitanda kimoja, sahani mbili, ua dogo dirishani, na mwenye nyumba anasema tangu atoe vitu vyake vyote amepata amani. Mwandishi wa Kijapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, aliwafundisha watu wengi duniani kushika kila kitu mkononi na kubaki tu na kile kinachowapa furaha. Wengine wana kanuni yao: kama hujakitumia kwa mwaka mmoja, kitoe.

Sasa peleka kanuni hiyo Mutomo kule Kitui, au Kathonzweni kule Makueni. Mtungi wa ziada wa lita 20 haumpi mtu furaha yoyote. Unaweza kukaa nyuma ya jikoni miezi mingi ukiwa mtupu. Halafu mvua inakosa, foleni ya maji inakuwa ndefu, na ule mtungi ndio unaamua kama utaenda kisimani mara moja au mara mbili kwa siku.

Kwa hivyo somo letu la leo halitakwambia utupe vitu. Litakusaidia kujua ni vitu gani vinakulinda na ni vipi vinakula pesa zako polepole.

Kwa nini ushauri huo haufai kila mtu

Mtu anayeishi mjini karibu na duka, tena ana mshahara kila mwezi, anaweza kutoa blanketi leo na kununua lingine baridi ikija. Duka ndilo ghala lake. Mshahara ndio bima yake. Vitu vichache vinamtosha kwa sababu ana uwezo wa kuvirudisha.

Ukambani hesabu ni tofauti. Kuna misimu miwili ya mvua, na ule ambao wakulima wengi huutegemea zaidi ni wa Oktoba hadi Desemba. Ukikosa huo, unaweza kungoja karibu mwaka mzima kabla ya kupata mavuno mengine ya maana. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022, mvua ilikuwa haba msimu baada ya msimu katika sehemu nyingi kame za Kenya, na Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa.

Katika hali kama hiyo, gunia la ndengu haliwezi kuitwa mrundiko. Ni chakula, ni karo, na ni mbegu ya msimu ujao. Ukiliuza kwa sababu "linajaza nyumba", utanunua mbegu baadaye kwa bei ya dukani, wakati kila mtu anazitafuta.

Lakini kuwa na vingi pia si usalama

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Kitu kinakulinda tu kama kiko katika hali nzuri siku utakapokihitaji.

Chukua mahindi. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kutokana na sumukuvu, ile sumu ya aflatoksini, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Sababu kubwa ilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Familia zilikuwa na chakula ndani ya nyumba, na chakula chenyewe ndicho kilichoua.

Kabla ya kufunga gunia, fanya jaribio hili rahisi. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funika, kisha tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji: rudisha juani. Isiposhika, umefika pazuri, ila siku moja zaidi ya jua haina hasara. Usianike juu ya udongo mtupu, tumia turubai au mkeka. Ukiweza, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo pia huwazuia fukusi na dumuzi. Magunia matatu makavu ni mali kuliko magunia sita usiyoyaamini.

Mifugo nayo ina wakati wake. Tuseme una mbuzi kumi na dalili za ukame zimeanza. Mbuzi mnene sasa anauzwa shilingi 6,000. Ukingoja hadi nyasi ziishe, mbuzi huyo huyo amekonda na mnunuzi anakupa 2,500. Ukiuza watatu mapema unapata 18,000. Ukiuza watatu hao kwa kuchelewa unapata 7,500. Tofauti ni 10,500, na wale saba waliobaki wangepata malisho zaidi. (Bei hizi ni za mfano tu. Tumia bei za soko lako.)

Utajuaje wakati umefika? NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti zenye ukame, Kitui na Makueni zikiwemo. Taarifa hizo huonyesha kama kaunti iko katika hali ya kawaida, ya tahadhari au mbaya zaidi. Hali ikielekea kwenye tahadhari, hesabu mifugo yako. Usingoje hadi soko lote lijae wauzaji.

Gawa vitu vyako katika makundi manne

Chukua daftari, zunguka boma lako, na uandike. Usihesabu vijiko. Andika vitu vyenye thamani ya, tuseme, shilingi 500 kwenda juu.

*1. Vya kazi.* Jembe, cherehani, baiskeli, punda, pampu, simu unayofanyia biashara. Hivi vinaleta pesa au vinaokoa muda. Baki navyo na uvitunze.

*2. Vya akiba.* Tangi, mitungi, mbegu, nafaka, mbuzi. Vinaweza kukaa bila kutumika na bado vina maana. Jiulize tu: viko katika hali nzuri?

*3. Vya kushirikiana.* Hivi si lazima viwe vyako peke yako. Vyama vingi vya akina mama vina hema, viti na sufuria kubwa za harusi na matanga. Kila mwanachama anazitumia, wengine wanakodisha, na hakuna anayehitaji viti 50 nyumbani kwake. Ukambani tunalijua jambo hili zamani. Makundi ya mwethya yamejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, na maji hukaa chini ya mchanga ambapo jua haliyafikii kwa urahisi. Hilo ni tangi la kijiji kizima. Kabla ya kununua kitu utakachotumia mara mbili kwa mwaka, uliza kwenye chama kwanza.

*4. Vinavyokula pesa.* Pikipiki iliyoharibika unayoahidi kutengeneza tangu mwaka juzi. Simu tatu za zamani kwenye droo. Kochi la pili ambalo limekuwa la kuku. Na kile ulichonunua kwa lipa polepole bila kupiga hesabu.

Tuipige hiyo hesabu ya mwisho. Mfano: televisheni ni shilingi 18,000 ukilipa mara moja. Kwa lipa polepole unatoa 3,000 kwanza, kisha 80 kila siku kwa siku 365. Shilingi 80 inaonekana kidogo, sivyo? Lakini 80 mara 365 ni 29,200. Ongeza zile 3,000, jumla ni 32,200. Umelipa 14,200 zaidi. Kwa kitu cha kazi, kama taa ya sola ya kibanda chako, huenda nyongeza hiyo ikajilipa. Kwa kitu cha kupendeza tu, fikiria mara mbili.

Kanuni ya vitu vichache inafaa hasa kwenye kundi hili la nne. Makundi mengine matatu, yaache yafanye kazi yake.

Ukiuza, uza salama

Umeamua kuuza ile pikipiki au simu ya zamani? Zingatia haya:

- Usimkabidhi mnunuzi kitu kwa sababu tu amekuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Jumbe bandia ni nyingi.
- Mtu akipiga simu kusema ametuma pesa zaidi kimakosa, usimrudishie haraka. Angalia salio, kisha wasiliana na huduma kwa wateja.
- Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akisema anatoka kwetu.
- Kabla ya kuuza simu, toa laini yako, ondoka kwenye akaunti zote, na ufute picha na jumbe.

Pesa ziende wapi?

Tuwe wakweli: pesa kwenye simu hazizai kama mbuzi. Bei ya unga ikipanda, shilingi zile zile zinanunua kidogo. Tena pesa zikikaa kwenye akaunti ya matumizi, huisha bila wewe kujua zilikoenda. Faida yake ni kwamba haziugui, hazihitaji nyasi, na unaweza kuzitumia saa ile ile mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Kwa hivyo usihamishe mali yako yote kwenda upande mmoja. Pesa za vitu vilivyouzwa zitenge na pesa za kila siku, na uzipe jina: karo ya muhula ujao, mbegu za Oktoba, au tangi. Pesa yenye jina ni ngumu kuigusa. Kama unalipa mkopo wenye ada ya kila siku, anza na huo kabla ya kuweka akiba.

Zoezi la wiki hii

1. Andika orodha yako ya makundi manne. Ifanye na mwenzako au na watoto wakubwa, kwa sababu kitu unachokiona takataka huenda ndicho mama anachotegemea.
2. Chagua kitu kimoja tu kutoka kundi la nne na ukiuze kabla ya mwisho wa mwezi.
3. Kagua kitu kimoja kutoka kundi la pili. Tangi linavuja? Mahindi ni makavu? Mbegu zimeingia fukusi?
4. Peleka wazo moja la kundi la tatu kwenye mkutano ujao wa chama.

Mtu wa Nairobi anaweza kuishi vizuri na sahani mbili. Wewe, ukiwa na sahani kumi na mbili, mitungi sita na mbuzi saba wanene, huenda una mpango mzuri kumliko. Cha muhimu ni ujue kila kimoja kiko pale kufanya nini.