Farasi wa Ngong na Nafaka ya Kapsoit

Tumeulizwa katika darasa yetu na mzee mmoja wa Kapsoit, njia ya Kericho kwendea Kisumu, juu ya mkwewe aliyeko Nairobi. Mtu huyo huu ni mwezi wa saba hajarudi kwake. Mkewe ndiye achumaye chai na kuibeba mpaka kituo cha kupimia. Lakini shamba limeandikwa kwa jina la mume, na malipo yote, pamoja na bonasi ya mwaka, huingia katika hesabu yake ya benki. Naye siku za Jumapili huonekana katika uwanja wa Ngong, ambao mbio za farasi zimekuwako tangu 1954. Alipolaumiwa alijibu kwamba mbio za farasi ni suna.

Jawabu hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi: waliotayarishwa walitoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasiotayarishwa kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zuraiq, na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Wanazuoni wamejuzisha hata zawadi kwa mshindi, kama ile itolewayo na mtawala. Lakini mkwe huyu hana farasi wala hapandi. Yeye hununua tikiti akaketi jukwaani. Fedha zake zachanganywa na za wenziwe, wenye kuendesha mchezo wakatwaa fungu lao kwanza, kisha wachache wakagawana kilichotoka mifukoni mwa wengi. Hiyo ndiyo kamari iliyoharimishwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, wala kwato za farasi haziibadili hukumu. (Ni hiyo hiyo vijana wetu waichezayo leo kwa simu, bila ya kutoka Kapsoit.)

Hata hivyo, lililotushughulisha zaidi ni hiyo miezi saba. Sayyidna Umar alipomsikia usiku mwanamke akimlilia mumewe aliyekwenda vitani, alimuuliza bintiye Hafsa mke aweza kustahimili muda gani, akaweka mpaka: riwaya moja yasema miezi minne, nyingine sita. Na wale walikuwa vitani! Huyu je, aliye jukwaani?

Ama nafaka, Hindi mke wa Abu Sufyan aliruhusiwa na Mtume kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, bila ya kumwambia. Lakini Hindi mali ilikuwa nyumbani. Huyu wa Kapsoit mali ipo benki, na ni jasho lake mwenyewe. Sheria haikumwajibisha mke kumchumia mumewe chai.

Tumemshauri mzee amwandikie mkwewe kwa upole, amtajie watoto kabla ya kumtajia kamari. Asipojibu, Mahakama ya Kadhi, iliyotajwa katika Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya ndoa baina ya Waislamu. Barua imekwisha kupelekwa, nasi twangoja.