SOMO LA KUNDI: TUJENGE RELI NDOGO NYUMBANI, TUONE MZIGO UNABEBWA NA NANI



Sisi wa Gisenyi hatuna reli. Anayefanya kazi katika kiwanda cha bia, anayechuma chai kule Pfunda, na anayevusha mizigo mpakani kwenda Goma, wote tumezoea lori, baiskeli, mashua na kichwa cha binadamu. Wajerumani walianza mwaka 1914 kazi ya reli kutoka Tabora kuelekea Rwanda, vita vikaikatiza. Hadi leo Rwanda nzima haina reli.

Hata hivyo reli inatuhusu. Shehena ya Rwanda iliyoshuka melini Dar es Salaam huweza kuja kwa treni mpaka Isaka, mkoani Shinyanga, Tanzania. Hapo ipo bandari kavu. Mzigo hutolewa kwenye behewa, hupakiwa kwenye lori, nalo huja Rwanda kwa barabara. Gharama ya kuhamisha huko imo ndani ya bei tunayolipa dukani.

Katika nchi nyingi wapo watu wanaojenga reli ndogo nyumbani kwa kujifurahisha. Wengi wao huanza na milima, miti na handaki. Kundi letu la masomo limejenga pia, lakini sisi tulianza na mzigo. Tulichagua kuonyesha kituo kama Isaka, mahali mzigo unapoacha reli na lori linapoanzia. Tunawaeleza namna tulivyofanya, ili kila kundi liweze kufanya vivyo hivyo kwa vitu vinavyopatikana hapa kwetu.

1. KIPIMO

Kazi ya kwanza ni kuchagua kipimo na kukishika. Sisi tulichagua moja kwa ishirini na tano. Maana yake, kila mita moja ya kweli inakuwa sentimita 4 kwenye ubao. Mtu wa mita 1 na sentimita 70 anakuwa sentimita 6.8. Behewa la mita 10 linakuwa sentimita 40.

Watengenezaji wa Ulaya hutumia sana kipimo kidogo zaidi, moja kwa themanini na saba, ili treni ienee mezani. Sisi tulichagua kikubwa kwa sababu mbili: kinakubali vifaa vyetu, na mikono iliyozoea kazi nzito hukiweza.

Andikeni kipimo hicho kwenye karatasi na kukibandika ukutani. Kitu kisichofuata kipimo kitawadanganya baadaye.

2. UBAO NA NJIA

Ubao wetu una urefu wa sentimita 240 na upana wa sentimita 60. Nyumba zetu ni ndogo, kwa hiyo ukimaliza somo unausimamisha ukutani. Njia ni moja tu, iliyonyooka. Wengi hutamani treni izunguke, lakini kona ya kweli ni pana mno. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 200 ingetaka mita 8 katika kipimo chetu, na chumba hicho hatuna.

Reli za Kenya na Uganda zilizojengwa zamani, pamoja na Reli ya Kati ya Tanzania iliyofika Kigoma mwaka 1914, zina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Kwetu huo ni milimita 40. Chongeni kijiti cha milimita 40 kamili. Hicho ndicho askari wa njia. Kipitisheni kati ya vyuma kila mahali.

Kwa reli tulitumia nondo mbili za milimita 6, zilizonyooshwa vizuri. Mataruma tulichonga kwa mkaratusi, kila moja sentimita 8, na kuyapanga kila baada ya sentimita 2.4. Ubao ulikula mataruma yapatayo 100. Nondo hushikwa na misumari midogo iliyopindwa. Upande wa ndani msumari ubaki chini ya nusu ya nondo, usije ukagusa gurudumu.

Kokoto tulizipata bure: mawe ya volkano yaliyopondwa na kuchekechwa. Msidhani kokoto ni pambo. Katika njia ya kweli hushikilia mataruma yasihame, husambaza uzito wa treni juu ya udongo, na hupitisha maji ya mvua. Njia iliyopoteza kokoto zake hulegea.

3. GURUDUMU, NA KOSA LETU

Gurudumu la treni si kama la gari. Lina ukingo upande wa ndani, na magurudumu mawili hufungwa imara kwenye ekseli moja, yakazunguka pamoja. Ukingo ndio unaozuia behewa lisiteleze nje ya reli.

Tulichukua vifuniko vya chupa za bia, tukavigonga kwa nyundo vikawa bapa. Hivyo ndivyo ukingo. Kisha tukakata maduara ya kandambili kuukuu, yenye kipenyo pungufu ya kifuniko kwa milimita 4, tukayagundisha upande wa nje. Sehemu hiyo ndiyo inayotembea juu ya nondo. Ekseli ni spoku za baiskeli. Kati ya ukingo na ukingo, tukipima upande wa nje, ilipasa pawe milimita 38, ili kila upande ubaki na nafasi ya milimita moja.

Hapo tulikosea. Ekseli mbili za kwanza tulizifunga kwa milimita 41. Tofauti ni milimita 3 tu, tukasema haina neno. Tulipoweka behewa, ukingo ulikaa juu ya nondo badala ya kushuka ndani, na behewa likaanguka ubavu. Kazi ya jioni mbili tukaifungua upya.

Lakini kosa hilo lilitufundisha jambo kubwa. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa miaka ya 1970 hadi 1975 kwa upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ni milimita 1,000. Katika kipimo chetu tofauti hiyo haifiki milimita 3: ni kosa letu lile lile! Kwa ajili ya upana huo mdogo, behewa la reli moja haliwezi kuendelea tu kwenye nyingine. Pale Kidatu, zinapokutana, ilibidi pawekwe mahali pa kuhamishia mizigo. Na reli mpya ya Tanzania, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435. Mhandisi akiandika tarakimu moja ofisini, mahali fulani mtu atabeba gunia.

4. WATU KWANZA, MITI BAADAYE

Reli ya Uganda, kutoka Mombasa mwaka 1896 mpaka Kisumu mwaka 1901, iliua karibu vibarua 2,500 kati ya wale 32,000 hivi walioletwa kutoka India. Picha nyingi za reli zinaonyesha daraja na injini tu. Kwa hiyo sisi tulitengeneza watu kumi wa waya na vitambaa kabla ya kupanda mti hata mmoja.

Kisha tukashona magunia. Hapa kuna hesabu inayowashangaza wengi. Urefu unagawanywa kwa 25, lakini uzito unagawanywa kwa 25 mara tatu, yaani kwa 15,625, kwa sababu gunia lina urefu, upana na kimo. Gunia la kilo 55 linakuwa gramu 3 na nusu. Pimeni gramu 35 za mchanga na kuzigawa katika vifuko kumi.

Sasa wekeni behewa kwenye reli na lori la kadibodi umbali wa sentimita 40, yaani mita 10 za kweli. Tuseme behewa lina tani 40. Hayo ni magunia 727. Kila gunia ni mita 10 kwenda na mita 10 kurudi. Jumla ni zaidi ya kilomita 14, nusu yake mtu akiwa na kilo 55 mgongoni. Wakiwa wachukuzi kumi, kila mmoja ameinua tani 4. Sogezeni lori mbali mara mbili, na kilomita zinakuwa 29.

Jaribuni tena. Sakafu ya behewa ipo juu kwa sentimita 4, yaani mita moja. Bila jukwaa, gunia hushushwa mita moja, kisha hupandishwa tena mpaka kwenye lori. Wekeni kipande cha ubao cha kimo hicho hicho kati ya behewa na lori: kushuka na kupanda kumekwisha. Wekeni na kigari cha magurudumu, na mgongo umepumzika. Siku hizi shehena nyingi husafiri ndani ya makontena na kuinuliwa kwa kreni. Lakini sote tunajua ghala ambamo kreni bado ni mgongo wa mtu.

5. HAKI INASEMA NINI

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba Na. 127. Unasema mfanyakazi asitakiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kudhuru afya yake. Mzigo wa wanawake na vijana uwe mdogo kwa kiasi kikubwa kuliko wa wanaume watu wazima. Pendekezo Na. 128 la mwaka huo huo linataka kwamba palipo na ruhusa ya kumbebesha mwanamume mtu mzima zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kupunguza uzito huo mpaka kilo 55.

Mfanyakazi anayelalamika kwamba amechoka huambiwa ni mvivu. Anayeonyesha ubao wenye vipimo, na kusema lori lisogee mita 10 na jukwaa lipandishwe mita moja, ni vigumu kumjibu hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na mita 10 mara 727 huvunja mgongo.

Baada ya reli, tumieni kipimo kile kile kujenga ghala lenu wenyewe, au mahali pa kupimia majani ya chai, na njia ambayo mzigo unapita.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mahali petu pa kazi, mzigo mmoja huinuliwa mara ngapi kabla ya kutoka langoni?
2. Ni safari ipi inayoweza kufupishwa bila gharama yoyote?
3. Gunia zito kuliko yote tunalobeba lina kilo ngapi? Nani amelipima?
4. Tukipeleka ubao wetu kwenye mkutano na wakubwa wa kazi, tutaomba jambo gani la kwanza?