Turubai likishashushwa

Siku ya kuondoa matanga majamvi hukunjwa, masufuria ya kukodi hurudishwa, na jamaa wa mbali hupanda mabasi. Kwangu mimi, baada ya kumzika mama, msiba ulianza hapo. Nyumba ilinyamaza, nikabaki na kanga yake iliyokuwa bado inanukia udi.

Ukifika hapo, usijidai imani kubwa. Chagua wakati mmoja wa siku, uleule kila siku, useme na Mungu kwa maneno machache. Mimi nilichagua alfajiri, saa ambayo mama alizoea kuniamsha. Kuna siku nilikaa tu juu ya mkeka, mikono nimeinua, neno halitoki. Hiyo nayo niliihesabu kuwa dua.

Ukiwa na lalamiko, mpelekee Mungu mwenyewe. Jirani yangu Mkristo alinisomea Zaburi ya 88: inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo katika Biblia. Nasi tunajua kwamba Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim, machozi yakimtoka mbele ya masahaba. Basi anayekuambia "kazi ya Mungu haina makosa" ili unyamaze, mwitikie kwa upole, kisha lia.

Nguo za marehemu usizigawe zote kwa haraka ya ndugu, bakiza moja. Arobaini ikipita watu hudhani umeshapoa, kwa hiyo mwombe mtu mmoja unayemwamini, umtajie na siku: "Njoo Jumatano tule pamoja." Na ikiwa wiki zinapita huli, hulali, au unatamani kumfuata marehemu, nenda hospitali umweleze daktari. Dua na daktari havigombani.

Lililonisaidia zaidi ni sadaka. Mama alikuwa akiwapikia watoto wa mtaani uji wa pilipili manga, basi kila Ijumaa nikaanza kuupika, nikimnuilia yeye thawabu. Wiki za kwanza niliukoroga huku nalia, na watoto wakanywa bila kuuliza. Mwezi wa nne mmoja akarudisha kikombe, akasema wa bibi ulikuwa mtamu zaidi, alikuwa anatia nini?

"Ndimu," nikamwambia. "Mama alikuwa anakamulia ndimu mwishoni."

Nilikuwa nimemtaja, na sauti haikukatika. Ijumaa iliyofuata nilinunua ndimu.